Hassan Yupi

Aabo,

Nimeolewa. Nimetaka neno hilo litangulie, baba yangu, kabla ya salamu, kabla ya kukuuliza hali ya huko uliko. Nimeolewa na Yusuf, yule kijana wa ofisi ya mifugo aliyekuja shuleni kwenu kuwafundisha watoto habari za kupe, nawe ukarudi nyumbani jioni ile, ukavua kofia, ukamwambia mama yangu, Hooyo, "Leo nimesikia kijana wa Wajir akitamka p." Hukusema neno jingine juu yake mpaka ukaondoka duniani. Mimi nikalishika hilo hilo moja. Ami zangu waliponiita baada ya posa na kuniuliza kama nina la kusema, nilitaka kuwaambia kwamba wewe ulikwisha kumkubali, ila ningewaeleza nini wazee wale juu ya p? Nikainamisha kichwa, wakaelewa kuwa nimeridhika.

Nakuandikia kwa Kiswahili, maana hii ndiyo lugha yetu mimi na wewe. Kisomali, kisicho na p, kilikuwa cha nyumba nzima. Kiswahili ulikuja nacho kutoka darasani, pamoja na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, na baada ya chai ulikuwa ukinisimamisha mbele yako na kushika kipande cha karatasi karibu na mdomo wangu. "Sema papai." Karatasi ikitikisika, nimepatia. Ikinyamaza, nimesema babai, na tunaanza upya. Nilikuwa nikikasirika, wenzangu wako nje wanaruka kamba na mimi napulizia karatasi. Leo ningetoa bangili zangu zote za harusi ili nisimame tena mbele ya karatasi ile.

Nina furaha, Aabo. Nina furaha kiasi cha kuona haya, maana nafikiri msichana aliyefiwa na baba hapaswi kuamka asubuhi akitabasamu kabla hajafumbua macho. Yusuf akitoka kuchanja ngamia anarudi akinuka dawa na vumbi na ngamia wenyewe, na mimi nasimama mlangoni navuta harufu hiyo kama mtu anayefukiziwa udi. Tukila, anamega mkate wa anjera, na kipande kilicholowa samli zaidi anakisukuma upande wangu wa sinia huku anatazama kwingine, kana kwamba mkono umepotea njia wenyewe. Siku za mwanzo kitambaa hiki cha kichwa wanachofunga wanawake walioolewa kilikuwa kinanidondoka ovyo, sijakizoea. Anakiokota, anakipuliza vumbi, ananirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi cheti mbele ya wazazi. Ananiita Mwalimu. Anasema hata nikiomba chumvi nina sauti ya kusahihisha. Nikisikia lango likilia, moyo unatoka mbio kuniacha, na mimi ni mtu niliyemaliza kidato cha nne, si mtoto. Ningeweza kuijaza karatasi hii yote kwa habari za masikio yake peke yake.

Na Wajir nimeizoea. Maji ya visima yana chumvi, na mtu aliyelelewa kwa maji ya Tana lazima aumwe tumbo kwanza ndipo mji umkubali. Mimi niliumwa, nikakubaliwa. Maziwa ya ngamia hapa wanayafukiza mpaka chai inakuwa na ladha ya jiko, na sasa nikiipata chai isiyo na moshi naona kama imesahauliwa kitu.

Lakini kuna jambo limenishinda, na sina wa kumwambia ila wewe, na wewe ndiye jambo lenyewe. Katika nyumba hii ninamopendwa hivi, baba yangu si wewe. Ni Hassan mwingine.

Ulikuwa ukicheka ukisema Garissa ina akina Hassan Abdi wengi kuliko nguzo za simu. Lakini waliojulikana mkoa mzima walikuwa watatu. Alikuwapo diwani, Hassan mwenye jino la dhahabu, ambaye akicheka jua linamsaidia. Alikuwapo Hassan Gari, mwenye malori ya Liboi na Wajir, ambaye kila mtu wa huku amewahi kulala juu ya magunia yake. Na ulikuwapo wewe, uliyefundisha nusu ya mji kusoma. Jina moja, jina la baba moja, hata la babu moja. Ilibidi mtu ahesabu nyuma, babu hadi babu, ndipo njia zenu ziachane. Diwani aliwahi kuletewa mitihani ya darasa la saba aisahihishe. Wewe uliletewa mzee mmoja mwenye kesi ya kisima, akala na kulala kwetu mpaka Hooyo alipomuuliza kwa upole kama ana mtoto shuleni. Na Hassan Gari, asiyejua kusoma, alikuwa anakuja na kila barua aliyopewa, mkae kivulini, umsomee, muamue pamoja ni ya Hassan gani.

Kwa hiyo watu walijisaidia kwa majina ya utani, kama ilivyo kwetu. Kila mtu ana lake, na mwenyewe haulizwi kama amelipenda. Lako lilikuwa la mguu. Ngamia alikupiga teke ukiwa mdogo, mfupa ukaunga vibaya, na kwa kuwa hukuweza tena kufuata mifugo, babu akakupeleka shule. Ulikuwa ukisema wenye miguu mizima walipewa ngamia, wewe ukapewa alfabeti. Sokoni, msikitini, ofisini, walikuita kwa mguu huo na wewe uliitika bila kinyongo. Ila nyumbani jina hilo halikuvuka mlango. Hooyo alikuita baba watoto. Na mimi, kama mtoto yeyote wa kwetu aliyelelewa, sijawahi kulitamka. Mtoto hamwiti baba yake kwa kasoro yake. Hata sasa, niko peke yangu na kalamu, mkono umekataa kuliandika.

Ulipofariki wakati wa mvua ile kubwa, njia zote zimekatika, ndugu zako walitoa tangazo katika idhaa ya Kisomali ili jamaa waliokwama mbali wajue. Mtangazaji akasoma kama alivyoandikiwa: Hassan Abdi, wa Garissa. Jina la utani halisomwi redioni, hasa la mtu aliyekufa. Basi, Aabo, siku hiyo mlikufa watatu.

Diwani alituma mtu upesi kutangaza kwamba yeye ni mzima na bado anagombea. Hassan Gari alikuwa amekwama na lori kwenye matope ya njia ya Modogashe. Alipofika kwake kwa miguu alikuta wanawake wamejaa uani wanamlilia, na mke wake mdogo akakimbilia kwa jirani akidhani amemwona jini. Hakukaa hata kunywa maji. Alikuja kwetu vile vile, tope mpaka magotini, akaketi kwenye mkeka wa msiba, akamwambia Hooyo, "Mimi nimeshasikia nitakavyoliliwa, inatosha. Sasa niacheni nimlilie yeye." Akalia, mtu mkubwa vile. Nilitaka ulijue hilo.

Lakini habari ya kwamba Hassan Gari yu hai haikumfikia kila aliyesikia kwamba amekufa. Haikumfikia Ayeeyo.

Ayeeyo ni bibi yake Yusuf, mama wa baba yake, na ndiye aliyemlea. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu. Hataki kulala ndani ya nyumba ya mabati, amesimamishiwa kibanda cha mikeka uani, cha kuhamahama kama vya zamani, na humo ndimo anamotawala. Katika ukame mkubwa wa zamani, Yusuf akiwa mtoto, alimbeba mgongoni kutoka upande wa Habaswein, mifugo imekwisha, mtoto anawaka homa. Wakaketi kando ya njia, miguu imekataa. Lori likasimama. Mwenye lori akashuka, akampa mtoto maji kwa kifuniko cha dumu, kidogo kidogo, akimzuia asinywe kwa pupa, akawapandisha, akawashusha Wajir, hakutaka kitu. Ayeeyo alipouliza huyu ni nani, waliokuwa juu ya magunia wakamwambia: Hassan, wa Garissa. Hakumwona tena. Lakini tangu hapo jina hilo limo katika dua zake kila siku iendayo kwa Mungu.

Redio iliposema Hassan Abdi wa Garissa amefariki, Ayeeyo alimchinja mbuzi wake wa maziwa akagawa nyama kwa maskini. Njia zilipofunguka na malori ya Hassan Gari kuonekana tena mjini, watu wa nyumbani waligundua kosa. Sasa nani angemwendea mzee yule na kumwambia mbuzi wako umemchinjia mtu aliye hai? Wakanyamaza. Haendi sokoni, watu wakasema, atajulia wapi?

Kisha nikaja mimi.

Siku wanawake waliponiingiza kwake, nimefunikwa, hina mpaka viwikoni, aliupapasa uso wangu kwa vidole, akapita kwenye nyusi, akapita kwenye pua. Akauliza, "Huyu ni ina nani?" Unajua kwetu mwanamke haachi jina la baba yake. Hata nikiwa bibi wa wajukuu nitakuwa ina Hassan, mtoto wa Hassan. Ndivyo walivyomjibu.

"Hassan yupi?"

Wote wakaniachia nijibu mwenyewe. Na jibu lilikuwa neno moja, Aabo, neno ambalo muuza miraa yeyote wa Garissa angelisema huku anatafuna. Mimi sikuweza. Si siku hiyo, si mbele ya wakwe, si kwa mdomo ulioufundisha wewe. Nikatafuta njia ya kulizunguka. Nikasema, kwa ile sauti ndogo ya bi harusi, "Wa Garissa. Aliyefariki wakati wa mvua."

Kila neno lilikuwa kweli. Ayeeyo alitoa sauti ambayo sikujua kwamba mtu mzee bado anayo. Alinivuta kifuani, akanilowesha kitambaa kwa machozi. "Ina Hassan," akasema. "Mungu ameniletea ina Hassan nyumbani kwangu." Wanawake nao wakaanza kulia, maana kilio cha harusi hakihitaji sababu. Mama mkwe wangu, anayejua yote, alinitazama juu ya kichwa cha bibi, akanionya kwa macho. Nikabaki hivyo, moshi wa ubani unaniingia puani, nikililiwa kwa ajili ya mtu ambaye saa ile huenda alikuwa Liboi anapakia sukari.

Tangu siku hiyo mimi ni malkia wa uwanja huu. Maziwa ya kwanza ni ya ina Hassan. Ina Hassan asichote maji, mgongo wake ni wa watu wema. Mawifi zangu wananitania, "Mpisheni binti wa lori apite," na mimi nacheka nao, kwa sababu ni wazuri na hawana ubaya. Ayeeyo anaishika mikono yangu na kusema, "Mizito hii. Ya baba yako, ya usukani." Mikono yangu ni yako, Aabo. Ni ya chaki. Hujawahi kushika usukani hata wa baiskeli.

Na kila siku baada ya swala ya alasiri ananiita kibandani, naketi mbele yake, ananiwekea mkono kichwani. "Ewe Mola, mrehemu Hassan. Alimpa mtoto wangu maji, nawe mpe maji. Alisimama njiani kwa ajili yetu, nawe msimamie." Naitikia amiin. Halafu natoka nje nasimama nyuma ya kibanda nisijue amiin yangu imekwenda kwa nani. Kwako? Hukumpa maji. Kwa Hassan Gari? Hajafa. Najua Mungu hahitaji jina la utani kumjua mtu. Lakini mimi ni binadamu tu. Mimi nataka katika nyumba nitakayozeekea awepo mtu mmoja wa kuniambia: baba yako alikuwa mwalimu, alikuwa akipenda chai iliyopoa, alikuwa akiimba jedwali la kuzidisha akinyoa ndevu.

Nimejaribu. Mara moja nilianza, "Ayeeyo, baba yangu mimi," naye akaniziba mdomo kwa kiganja chake kikavu. "Usiseme, utalia. Namjua kuliko unavyomjua." Ningefanya nini? Nikakibusu kile kiganja.

Nilimwambia mama mkwe. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Binti yangu, ukimwambia wake yu hai, umemfanya awe amemlilia mtu bure. Ukimwambia wako ni mwingine, umemnyang'anya wewe. Chagua lipi litamuua polepole." Hakusema kwa ukali. Alisogeza sinia tuchambue pamoja.

Nikamwambia Yusuf. Nilijua yeye atanisaidia, yeye akisikia nimekohoa anauliza ni upande gani wa kifua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maji yale niliyanywa mimi. Nakumbuka kifuniko kilikuwa chekundu, sikumbuki uso. Kama si mtu yule, wewe ungeolewa na nani? Mwache bibi atoe shukrani yake, Mwalimu." Nikamtazama. Nikayatazama masikio yake. Ni kweli, yasingekuwapo. Nibishane vipi na maji aliyoyanywa mume wangu? Furaha yangu yote imetoka katika kifuniko kile. Ndipo nilipojua kwamba nimefungwa, Aabo, na nimefungwa kwa kamba laini ambayo sitaki ikatwe.

Kisha, Ijumaa iliyopita, akaja mwenyewe.

Yusuf alikuwa malishoni. Mimi na mama mkwe tuko jikoni, tukasikia sauti langoni, "Wenye nyumba, nimeleta babai." Babai, vile vile, kama alivyokuwa akikuchokoza wewe makusudi. Nilicheka na machozi yakatoka, yote kwa pamoja. Hassan Gari, niliyezoea kumwita Adeer, yaani ami, amesikia binti ya Mwalimu ameolewa hapa, amekuja na mapapai ya mashamba ya mtoni, ameyafunga kwa shuka. Mama mkwe aliangusha mwiko. Maana kati ya lango na jikoni kipo kibanda, na ndani ya kibanda yumo anayemwombea rehema.

"Nani huyo?" Ayeeyo akauliza.

"Mimi Hassan, Mama."

"Hassan yupi?"

Adeer akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimetoka, nimesimama nyuma, unga mikononi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miezi na miezi, aseme yeye, ukweli utoke bila mimi kuutoa. Na nikatikisa kichwa. Sijui kwa nini. Niliwaza tu mbuzi yule. Adeer ni mtu aliyepita vizuizi vingi vya barabarani, anajua mahali pa kunyamaza. Aliniangalia, akamwangalia mama mkwe, akaketi chini.

"Hassan tu, Mama. Rafiki wa baba yake huyu binti."

Ayeeyo akafurahi. Rafiki wa Hassan. Akamsimulia, Aabo. Akamsimulia jua lile, na mtoto mgongoni, na kifuniko cha dumu, na Adeer akasikiliza kofia yake ikiwa magotini. Alipomaliza akainua mikono na kumwombea marehemu, na marehemu akaitikia amiin.

Nilipomsindikiza kwenye lori nilimuuliza, "Adeer, ni wewe?"

"Sijui," akasema. "Mwaka ule nilibeba watu wengi. Simkumbuki. Huenda ni mimi, huenda ni dereva wangu, huenda lilikuwa lori la mtu mwingine kabisa. Kwenye njia ile kila wema wanauita Hassan Gari."

Nikamwambia basi arudi ndani aseme. Nilimsihi. Nilisema mimi sina uwezo, yeye ni mtu mzima, ni mwanamume, hilo jina ni lake. Alipanguza uso kwa kofia. "Binti yangu, nilibeba wengi, lakini pia niliwapita wengi. Lori limejaa, unafumba jicho la upande ule, unakanyaga mafuta. Yule mzee ananiombea kila siku. Mimi nina ubavu gani wa kuikataa dua ile?" Tukasimama hapo. Hata yeye, Aabo, mwenye malori, hakuweza. Kisha akanitazama vizuri, kama alivyokuwa akikutazama ukifungua bahasha zake. "Na yeye," akasema, "hapa anaombewa na nani?"

Akavua viatu akarudi kibandani. Nilimfuata, nikaketi mahali pangu kwa mazoea. "Mama," akasema, "nilisahau ombi langu. Kuna Hassan mwingine. Hassan Langaare."

Nililisikia. Langaare, mchechemeaji, jina lako la sokoni, limevuka mlango wa nyumba yangu. Nilidhani nitaona aibu. Halikuwa na aibu hata kidogo. Lilikuwa kama hatua zako uani, ile nzito na ile nyepesi, unarudi kutoka shule.

"Alikuwa mwalimu," Adeer akaendelea. "Alinisomea barua zangu zote na hakunicheka hata siku moja. Alifariki mvua ile ile. Mtie kwenye dua zako."

"Mvua ile ilichukua akina Hassan wengi," akasema Ayeeyo. "Ana watoto?"

"Ana binti aliyempenda sana."

"Yuko wapi?"

Adeer aliangalia mikeka. "Ameolewa mbali."

"Masikini," akasema Ayeeyo.

Na akanyoosha mkono, akauweka kichwani pangu, maana hapo ndipo mkono wake unapokaa akiomba. Akamwombea Hassan Langaare, mwalimu. Kisha akamwombea yule binti yake aliyeolewa mbali, aliye kati ya watu wasiomjua baba yake, apate wa kumfuta machozi. Mimi nilikuwa chini ya mkono ule. Adeer aliniangalia, nikamwangalia. Nikaitikia. Ilitoka kama pumzi, sidhani ingetikisa karatasi.

Sasa umo, Aabo. Unakuja mwishoni, baada ya yule wa maji na njia, kama sahani ya mgeni iliyoongezwa watu wakiwa wameshaketi: "na Langaare, mwalimu." Ni hayo tu. Nilitaka mengi zaidi. Nilitaka akuombee kwa jedwali la kuzidisha na kwa chai iliyopoa. Sina namna. Natega sikio hadi hapo pafike, na pakishapita nashukuru, na nikishukuru naumia.

Jana baada ya dua alinizuia nisiinuke. "Wewe ni wa Garissa," akasema. "Unamjua yule binti wa Langaare?"

"Namjua, Ayeeyo."

"Mume wake ni mwema?"

"Ni mwema sana." Hilo nililisema kwa moyo wote, karibu niendelee, karibu nimwambie habari ya samli.

"Alhamdulillahi. Anamkumbuka baba yake?"

Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akangoja, mzee wa watu, kisha akanipigapiga goti kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kuelezwa mambo ya dunia. "Atakuwa amesahau," akasema. "Wasichana wakipata waume wazuri husahau. Si kosa lao. Basi tumwombee sisi."

Ndiyo maana nimeandika. Yusuf amekaa mlangoni anajifanya anatengeneza redio, anasubiri nimalize ili tunywe chai, na ananiangalia kila ninapopangusa macho. Nampenda, Aabo. Ulisikia vizuri siku ile, p yake ni safi.

Nakuacha sasa upumzike. Nakuahidi hivi: nikijaliwa watoto, hakuna nitakayempa jina lako, akina Hassan wametosha. Nitawasimamisha mmoja mmoja mbele yangu baada ya chai, nishike karatasi, waseme papai. Ikitikisika nitawaambia ni nani aliyeitikisa. Na mbele ya Ayeeyo nitaendelea kuwa ninayeitwa, mpaka Mungu atakapompa macho ya kuwaona nyote kwa pamoja na kuchagua mwenyewe. Lakini kwako wewe nisiwe na jina la kuazima. Mkono ulikuwa umekataa, sasa naulazimisha, na unisamehe kama ni kukosa adabu.

Hajasahau, Aabo.

Ni mimi,
ina Hassan Langaare